Vitone Vitatu vya Mmisionari

Kila karatasi inapotoka kwenye mashine ya fotokopi, kabla haijapoa, mimi huipeleka puani. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema labda nilinyonyeshwa wino. Siwalaumu. Hawakukulia Likasi, mji wa shaba kule Kongo, katika chumba chenye upana wa mtu mzima aliyenyoosha mikono, kilichoandikwa mlangoni "Secrétariat public", ambamo harufu ya karatasi ya moto ilichanganyika na vumbi jekundu la barabarani na, siku ambazo upepo ulitoka upande wa Shituru, na moshi wa kiwanda uliokwaruza koo. Chumba hicho kilikuwa cha Tantine Odile, dada mdogo wa baba yangu. Humo ndimo nilimojifunza kusoma Kifaransa, kutawala dunia na kuvunja ndoa ya mtu, na yote matatu niliyafanya kabla sijatimiza miaka kumi na moja.

Juzi nilirudi huko na mwanangu kwa likizo. Tantine bado ana duka, ila sasa anavaa miwani yenye kamba. Mtoto alikaa kwenye kigoda chini ya meza na simu yangu mkononi, akicheza mchezo mmoja wa kujenga himaya, huu wa siku hizi ambao hata sijui aliupata wapi. Mara akainua kichwa.

"Maman, hapa bananiuliza dini. Nifinye gani?"

Tantine alikuwa akipanga karatasi. Mikono yake ilisimama. Hakunitazama, nami sikumtazama, lakini nilijua kwamba alichokumbuka yeye ndicho nilichokumbuka mimi.

Lazima kwanza niseme kwamba mimi nilikuwa mtu mkubwa nyumbani kwetu. Nilipewa jina la bibi, mama yake baba, aliyefariki miezi michache kabla sijazaliwa. Kwetu ukibeba jina la mtu umebeba na kiti chake. Baba aliniita mama. Tantine aliniita mama. Nikikataa bukari, ugali wetu, baba aliwaambia watu, "Mama leo hana njaa, mumuache." Wageni walicheka na mimi nikajivuna. Ulikuwa utani, lakini si wote. Zilikuwepo siku baba aliniuliza jambo kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mwanamume humuuliza nayo mama yake, na mimi nikajibu bila kufikiri, kama watoto wanavyojibu.

Kompyuta ya Tantine aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Ndani yake kulikuwa na mchezo. Tantine hakuujali. Yeye alipiga chapa barua za kuomba kazi, hati za watu waliopoteza kitambulisho, matangazo ya misiba. Aliyeufungua mchezo huo kwa mara ya kwanza alikuwa Amisi.

Amisi alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa asili ya Kasongo, mrefu, mwenye kucheka taratibu. Alikuja siku moja kuandikiwa barua kwa sababu alikuwa amepoteza leseni. Akarudi kutoa nakala ya ile barua. Akarudi tena kutoa nakala ya kitambulisho. Mara ya nne alileta kitambulisho kilekile, na mara ya tano pia, mpaka tukawa na nakala za uso wake za kutosha kubandika ukuta mzima. Barabara nzima ilielewa kabla yeye mwenyewe hajasema neno. Tantine alipokuwa na wateja, Amisi alikaa nami kwenye ile kompyuta, akaniweka upande wa kushoto, akanionyesha namna ya kujenga mji.

Mchezo ulikuwa wa Kifaransa. Unaanza na watu wachache na punda mmoja. Unalima, unachimba, unajenga ukuta, na ukishakuwa na nguvu kidogo dunia inakuuliza dini. Zilikuwa sita, kila moja na alama yake na rangi yake: msalaba, mwezi mwandamo, gurudumu, na nyingine ambazo sikuwahi kumwona mtu wake Likasi. Ukigusa alama, kinatokea kibao kidogo kueleza faida. Msalaba uliongeza watu. Mwezi uliongeza biashara. Gurudumu liliongeza maarifa. Hakuna kibao kilichosema lolote kuhusu Mungu. Niliona sawa tu, kwa sababu nilidhani kila mtu anamjua.

Juu kabisa ya kioo palikuwa na hesabu iliyoandikwa "Foi", yaani imani. Mimi neno hilo nililijua kutoka kwa muuza nyama wa sokoni, aliyeliandika na herufi moja zaidi kwenye kibao chake, foie, yaani maini, karibu na figo. Kwa wiki nzima niliamini kwamba ukijenga hekalu linakuzalishia maini. Nilimuuliza Amisi tutayapeleka wapi maini yote haya yasioze. Alicheka mpaka akatoka nje kusimama kwenye jua, na tangu siku hiyo kila alipoingia dukani alikunja kidole hewani mara mbili, kama mtu anayebonyeza kipanya, akaniuliza, "Mama, maini iko ngapi leo?"

Tantine alikuwa akitazama huku akipiga chapa. Yeye mchezo ule ulimkera kidogo. "Na ba église ya réveil iko wapi?" aliuliza, akiyatafuta makanisa ya uamsho. "Hapa avenue yetu tu kuko ine."

"Benye kufanya hii jeu hawakufika hapa Kikula," Amisi alimjibu.

Walikuwa na namna hiyo ya kusema wawili, wa kwanza akitupa na wa pili akidaka. Ukichagua mwezi, jeshi lako lilipewa ngamia. Amisi aliwaangalia wale ngamia siku nyingi, mwishowe akasema, "Minye natoka Kasongo. Nkambo yangu alikuwa anauzisha samaki ya moshi. Ngamia namuonaka hapa tu, mu ordinateur ya Odile." Na Tantine, bila kuacha kupiga chapa, akasema, "Na shiye ba katolike banatupatia farasi. Nani mu parokia iko na farasi?"

Pembezoni mwa ramani kulikuwa na vijumba vya nyasi, visivyo na alama wala rangi. Askari wako akiingia kijijini, kijiji kinampa zawadi, halafu kinafutika. Mimi nilivipenda vijiji hivyo kwa ajili ya zawadi. Siku moja nilivifuta vitatu mfululizo na Amisi akaweka mkono wake juu ya kipanya. "Bale njo bankambo," alisema, yaani mababu. "Banakaribisha mugeni, kiisha banapotea." Nilimwambia wengine wako upande wa kule, tutawapata. Sikuona kwamba hakuwa akicheza.

Mahali ambapo Kongo ingekuwa, mchezo ulikuwa umeweka msitu na alama ya shaba. "Angalau shaba banaijua," alisema Amisi. Nilijenga mji hapo nikauita Likasi. Nilipoulizwa dini, nilibonyeza msalaba bila kusita, maana nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Halafu nilimuuliza kama naweza kuongeza na mwezi wake, ili naye apate pa kukaa. Alijaribu. Mchezo ulikataa. Mji mmoja, rangi moja.

Hilo lilinishangaza kuliko ngamia. Kwetu, ukikutana na mtu mpya, unamuuliza, "Unasaliaka wapi?" Unamuuliza kama unavyomuuliza anakaa wapi, ili ujue tu njia anayopita. Mama mmoja anasali parokiani, mume wake anasali kwa wachungaji wa mtaa wa pili, na chungu chao ni kimoja. Mchezo haukujua swali hilo. Lakini nilikuwa mtoto, na kilichoandikwa kwenye kioo, tena kwa Kifaransa, niliona ndicho kweli zaidi.

Na kulikuwa na mmisionari. Alikuwa mtu mdogo mwenye kanzu nyeupe na fimbo, na chini ya miguu yake vitone vitatu vyeupe. Kila alipoingia mjini na kuhubiri, kitone kimoja kilizimika. Cha tatu kilipozimika kengele ililia, mji uligeuka rangi, na yeye mwenyewe akatoweka kazi yake ikiwa imekwisha. Mji uliogeuka rangi haukuwa wako tena. Watu wako wakifika mpakani kwake, kinatokea kibao: passage interdit, hakuna kupita.

Ndivyo nilivyopoteza Likasi yangu. Mmisionari wa himaya nyingine aliingia mara tatu, mimi namtazama tu, na mara ya tatu nyumba zangu zote zikawa za kijani. Nililia machozi ya kweli. Amisi aliacha soda yake, akachuchumaa mbele yangu.

"Sikiliza, mama. Muji ni yako. Kama hautaki aingie, unafunga mupaka. Ona bouton hii." Akanionyesha kitufe. "Unafinya mara moja tu. Muntu akikuta mupaka imefungwa, anarudia kwabo. Hakuna vita."

Nilikariri kitufe hicho kama nilivyokariri Baba Yetu.

Basi, Amisi alipoamua kumwoa Tantine, alifanya kama watu wanavyofanya. Safari ya kwanza ni ya kugonga mlango: unakuja na mkubwa wako kusema tu kwamba mmeona ua katika uwanja huu. Ya pili ni ya kujitambulisha, familia kwa familia. Ya tatu ni ya mali, yaani mahari, na baada ya hiyo mwanamke si wenu peke yenu. Safari tatu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiri kwamba namba hiyo ingeweza kumtisha mtoto.

Siku ya kugonga mlango, Amisi wangu wa suruali ya jinzi alifika amevaa kanzu nyeupe. Mjomba wake alikuwa na fimbo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la sebuleni. Niliangalia chini, kwenye viatu vyao, kutafuta vitone.

Baba aliwapokea vizuri. Aliwauliza, ingawa alijua, "Munasaliaka wapi?"

"Tunasaliaka ku muskiti," mjomba alijibu.

"Bon. Dada yangu anasaliaka ku parokia tangu ubatizo. Mama yetu alimuacha pale. Neno langu ni moya tu: abakie kwenye anasaliaka."

"Tumesikia," alisema mjomba, na Amisi akaitikia kwa kichwa. Baba akamtazama kwa muda, kama fundi anayepima mbao asiyoijua. Alikuwa mtu mwema, baba yangu. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Kimoja kikazimika. Safari ya pili walileta kitenge na sukari, wakala, wakacheka, na Tantine alipita na sinia akiwa amependeza mpaka sikumtambua. Cha pili kikazimika. Nilianza kuhesabu siku. Sikuwa na ubaya na Amisi. Nilimpenda kuliko wajomba zangu wote, na ndiyo maana nilichanganyikiwa. Nilichoogopa ni kitu kimoja, nacho kilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu: kengele italia, Tantine atageuka rangi, na siku nitakapokwenda kwake nitakuta kibao mlangoni. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, yeye ndiye aliyenipeleka katekesimu akinishika mkono, kwa sababu mama yangu alikuwa sokoni mchana kutwa. Ningebaki na nani?

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mali, nilimpelekea Tantine chakula dukani. Umeme ulikuwa umekatika na mlango umerudishwa nusu. Niliingia na bakuli, nikasimama. Nyuma ya meza, juu ya katoni iliyofunguliwa ya karatasi, Amisi alikuwa akiswali, ameinama. Na pembeni yake, hatua mbili tu, alisimama Tantine. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni. Macho ameyafumba. Midomo inachezacheza.

Niliweka bakuli chini bila sauti nikarudi nyumbani mbio, njia nzima nikisema moyoni kwamba nimechelewa, kwamba hawakungoja hata safari ya tatu.

Baba alikuwa uani, amegeuza baiskeli miguu juu, anatengeneza mnyororo.

"Papa, Tantine alikwisha kugeuka."

"Kugeuka nini?"

"Alisali na Amisi. Alifunga kitambaa. Alisali naye ku duka, pamoja."

Aliinua kichwa. Mikono yake ilikuwa na grisi na akaishika mbali na nguo. "Mama," aliniita, na sauti ilikuwa ile ya chini. "Uliona weye mwenyewe?"

"Niliona na macho yangu."

"Kweli?"

"Eyo, papa."

Aliyeulizwa hapo alikuwa bibi, na aliyejibu nilikuwa mimi. Nilisikia raha, siwezi kuficha. Nilikuwa nimebonyeza kitufe, mara moja tu, na hakuna vita.

Jumapili baada ya misa walikuja wengi: wazee wawili wa kanzu, mama mmoja na kapu kichwani, vijana na mbuzi. Walikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Baba alisimama ndani, wao nje, na majirani wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi barabarani.

"Shemeji, tulipatana siku ya leo," alisema mjomba wa Amisi.

"Tulipatana juu ya neno moya. Neno ile ilivunjika. Mama ameona."

"Mama nani?"

Baba aligeuka kwa Tantine, aliyekuwa amesimama uani na kitenge chake kipya, mkono bado umeshika hereni aliyokuwa akiivaa. "Ungeniambia, Odile. Ungeniambia weye, kuliko nisikie."

Tantine alitazama nyuma ya baba, mahali nilipokuwa nimejibanza. "Kama ulishaamini," alimwambia kaka yake, "nikuambie nini?" Akaingia ndani.

Amisi alikuwa nyuma ya wazee wake. Aliniona kupitia nafasi za geti. Aliinua mkono, nikadhani atanisalimu kama kawaida, kidole mara mbili. Alikikunja mara moja tu. Kisha akamshika mbuzi kamba na kumgeuza.

Nilikuwa nimeshinda. Tantine alibaki kwetu, na kwa muda mrefu hakuzungumza na baba, alinitumia mimi, "Mama, ambia papa yako chai iko mezani." Alinisuka kama zamani, ila sasa alisuka akiwa kimya. Mji ulibaki na rangi yake lakini wenyewe walikuwa wameutoka. Amisi nilisikia alihamia upande wa Kolwezi.

Miezi baadaye, nikitafuta mchezo kwenye ile kompyuta, nilifungua faili nisiyoijua. Ilikuwa barua, kwa Kiswahili, kwa sababu Amisi alikuwa na msimamo kwamba maneno ya nyumbani hayaandikwi kwa Kifaransa. Ilielekezwa kwa baba, "Shemeji Mukubwa". Ilisema kwamba wazee watamletea karatasi hii siku ya mali ili neno lisije likasahaulika: Odile ataendelea kusali kwenye anasaliaka, hakuna mtu atakayemzuia siku ya Jumapili, na yeye Amisi mwenyewe atampeleka mpaka mlango wa kanisa mvua ikinyesha. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Nakala yake bila shaka ilikuwa kwenye kapu la yule mama, nje ya geti.

Niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimeshajua Kifaransa cha kutosha na Kiswahili cha kutosha, na hakukuwa tena na maini ya kujificha nyuma yake. Nilichofanya, badala ya kumpelekea baba, nilifuta mchezo. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza tena. Nilikaa nikiangalia lile swali la pili, nikafikiri kwamba mashine inauliza mara mbili kabla ya kufuta ngamia na farasi, nami sikumuuliza Tantine hata mara moja.

Baadaye aliolewa na mwalimu mmoja wa Panda, mpole, akazaa naye watoto wawili, akamzika. Kwa hiyo siwezi kusema niliharibu maisha yake. Niliyageuza. Nimeishi miaka hii yote nikijua kwamba katika habari ile mmisionari alikuwepo, tena mmoja tu, naye hakuvaa kanzu. Baba alifariki bila kujua yaliyokuwa kwenye ile barua, na hilo pia ni langu.

Sasa tulikuwa dukani, mtoto na simu yake chini ya meza, na Tantine mikono yake imesimama juu ya karatasi. Nilisikia mdomo wangu ukianza wenyewe.

"Tantine, siku ile ya mbuzi pa portail. Ni minye njo niliambia papa."

"Najua."

"Unajua?"

"Bakuli uliacha pa mulango. Nani mwengine angeileta?" Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Ilikuwa saa sita, mama. Kengele ya parokia ilikuwa imelia. Nilikuwa nasali sala ya Malaika wa Bwana. Yee alikuwa na yake, minye na yangu. Tulikuwa tunafanyaka vile kila Samedi kama ile, juu saa zetu zinakutanaka."

Nilikaa. Miaka yote hiyo nilijua nilikosea kuhusu kesho. Sikujua nilikosea hata kuhusu kile nilichokiona. "Juu ya nini haukumuelezea papa?"

"Hakuniuliza. Aliniambia." Alivaa miwani. "Na kama ningemuelezea, angekupiga. Lakini usiwaze nilikuwa mwema. Nilikuwa na hasira yako mingi sana. Amisi njo aliizima. Alikuya hapa kuniaga, ulikuwa ku masomo. Nikamuambia, ni ule mutoto. Akasema, 'Usimugombeze, Odile. Alifunga mupaka. Minye njo nilimufundisha.'"

Nililia mbele ya mwanangu, jambo ambalo silipendi. Nilililia lile neno, na namna alivyolibeba mpaka Kolwezi bila kumtupia mtu. Tantine hakunibembeleza. Alinisogezea karatasi moja iliyokuwa imetoka mashineni, nifutie uso, na ilikuwa bado ya moto.

"Maman," mtoto aliita kutoka chini ya meza. "Kuko muntu na fimbo pa mupaka. Nimuache aingie, ao nimufungie?"

"Muulize kwanza analeta nini," nilisema.

Akatafuta. Aligusa kioo huku na huku, akakishusha, akakipandisha, kwa uvumilivu ambao hakuurithi kwangu. Mwishowe akanyoosha simu juu ili nione mwenyewe.

"Haiko na bouton ya kuuliza," alisema.